Vinu Viwili vya Mama Anderson

Saa moja na nusu asubuhi, jua la Chiungutwa, wilayani Masasi, likiwa bado halijaanza kuuma, Selestina Gerson amesimama mlangoni pa ua wake, mikono kiunoni, anamhoji mteja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini asubuhi?"

"Chai na muhogo."

"Huo muhogo uliula mkavu hivihivi?"

Mteja, mama kijana aliyetoka Lupaso na mtoto mgongoni, anacheka kwa aibu. "Na karanga kidogo, bibi."

"Ndoo ile pale, sabuni ile pale. Nawa mpaka viwiko, sukutua na mdomo. Mtoto naye mfute mikono. Ukimaliza, karibu sana, nyumba ni yako."

Mteja ananawa. Hapa kila mtu hunawa, awe mwenyekiti wa kijiji au padri. Wageni huudhika mara ya kwanza, mara ya pili wanazoea, na ya tatu wanawafundisha wenzao kabla hawajafika.

Ndani ya ua kuna kibanda cha nyasi chenye kuta za udongo zilizopakwa chokaa. Katikati ya kibanda pamewekwa kinu kirefu cha mti wa mkongo, na kando yake jiko la mafiga, sufuria mbili na kitambaa cheupe cha kuchujia kilichoanikwa kwenye kamba. Selestina anachota ufuta uliokaangwa, anaumimina kinuni, anashika mchi. Ana miaka sitini na mmoja, lakini mchi unapanda na kushuka kana kwamba hauna uzito.

Ufuta ukishalainika kama uji mzito, anautia kwenye sufuria, anamwagia maji ya moto na kuukoroga bila haraka. Mafuta hupanda juu yenyewe. Huyaengua kwa kata, huyachemsha tena hadi maji yaliyobaki yaishe, huyachuja, kisha huchanganya na nta ya nyuki. Yakipoa huwa mazito kiasi cha kuchotwa kwa kidole, nayo hunukia ufuta wa kukaanga.

"Huwezi kuyaharakisha haya," anasema huku akikoroga. "Ukiyaharakisha yanaungua, na yakiungua hata mbuzi humpaki."

Debe moja la ufuta humpa chupa ndogo arobaini, naye huuza kila chupa shilingi elfu tatu. Akitoa bei ya ufuta, nta, kuni na chupa, hubakiwa na kama elfu arobaini. Kwa mwezi hutengeneza madebe matatu. Si fedha ya kujengea ghorofa, anasema mwenyewe, lakini ndiyo iliyoezeka bati nyumba yao na kumsomesha mwanawe wa mwisho chuo cha ualimu.

Kazi hii aliianza kwa sababu ya mikono yake. Selestina alizaliwa Lukuledi, akasoma pale misheni hadi darasa la nne, akaolewa Chiungutwa na Gerson, mkulima wa korosho. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mbanguaji: anavunja ganda, anatoa korosho, anatupa ganda, kutwa nzima. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayokula ngozi. Wenzake walijipaka majivu, lakini hayakusaidia kitu.

"Nilikuwa na vidole kama vya mtu aliyeshika kaa la moto," anasema, akivinyoosha. Alama zipo mpaka leo, madoa ya kahawia kwenye ncha za vidole vitatu.

Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kuengua mafuta ya ufuta, na nta akaiongeza mwenyewe. Wabanguaji wenzake wakayapenda, baadaye majirani, na mwisho wenye watoto wachanga. Haukupita muda, ikawa hakuna mwali anayetoka unyagoni Chiungutwa bila kung'aa mafuta ya Mama Anderson. Hivyo ndivyo wanavyomwita, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Na ni kwenye kutoka kwa mwali mmoja ndipo kazi hii nusura iishe.

Ilikuwa mwezi wa sita, miaka minne iliyopita. Siti, binti wa Mrisho mwendesha bodaboda, alikuwa na miaka tisa. Kijiji kizima kilijua kuwa karanga zinamkataa mtoto yule. Alipokuwa na miaka mitatu alionja kashata, midomo ikavimba na pumzi ikamkata, na tangu siku hiyo karanga haikuingia tena nyumbani kwa Mrisho. Hata kisamvu mama yake alikiunga kwa nazi, na nazi huku juu, mbali na pwani, haiokotwi njiani.

Siku ya kutoka, mabinti walisuguliwa kwa madodoki mpaka ngozi ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Kisha wakaja mashangazi. Kwa desturi ya ukoo ule kila shangazi huja na chupa yake ya mafuta, humpaka mwali usoni na mikononi, humtuza, hupiga kigelegele na kumpisha mwenzake. Siti alipakwa na mashangazi watano.

Wa tano hakumaliza kigelegele. Macho ya mtoto yalikuwa yameanza kuvimba. Kufumba na kufumbua uso mzima ulijaa na kifua kikawa kinapiga mluzi. Mrisho alimpakia kwenye pikipiki, mkewe akakaa nyuma akimshikilia, wakaondoka na vumbi. Hospitali walimchoma sindano, wakamlaza siku mbili. Akapona.

Ngoma haikurudi. Badala yake yalirudi maneno. Mtoto hakula karanga, sasa imekuwaje? Watu wakamtazama mpishi. Yuster, mjane aliyekuwa akiitwa kupika wali kwenye kila shughuli kuanzia Chiungutwa hadi Lupaso, akaambiwa ametia karanga kwenye mchuzi. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba hakushika karanga siku mbili. Hakuna aliyemsikiliza. Arusi iliyofuata hakuitwa, na maziko yaliyofuata hakuitwa.

Mama Anderson hakutajwa na mtu. Mafuta yake, yaliyokuwa kwenye chupa ya mmoja wa mashangazi, yalikuwa ya ufuta, na Siti ufuta alikuwa akiula tangu kuota meno. Hata yeye mwenyewe hakujishuku.

Mpaka Jumanne moja, wiki tatu baadaye. Alikuwa akitwanga karanga za mboga ya mchana. Alipomaliza kuzitoa aliinamisha kinu kwenye mwanga, akaona kitu kwenye ufa ulio chini kabisa. Akakikwangua kwa ncha ya kisu. Ulikuwa ufuta, mbegu sita au saba, umegandamana kwenye mti.

"Mara ya mwisho kutwanga ufuta, tena wa mboga, si wa mafuta, ilikuwa siku nane nyuma," anasimulia. "Nikakaa chini. Nikasema, kama ufuta wa wiki iliyopita bado umo humu, basi siku nilipotwanga ufuta wa unyago, karanga za kabla yake nazo zilikuwamo."

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini hakukiosha. Lakini muulize mwanamke yeyote wa huku, atakucheka. Kinu hakioshwi. Ukikitia maji mti unapasuka, na usipopasuka unaota ukungu. Kinu hufutwa, au hutwangwa pumba konzi moja zikafyonza mafuta, basi, kimetakata. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao, na mama zao na bibi zao. Na kinu huwa kimoja. Humo hutwangwa mahindi, muhogo, karanga, ufuta, majani ya kisamvu, kila kitu cha nyumba.

Mumewe alimkuta amekaa palepale, mboga haijainjikwa.

"Kuna msiba?" Gerson akauliza.

Akamweleza. Gerson akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Sasa nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi nyamaza, mke wangu. Mtoto amepona. Kuanzia leo uwe mwangalifu, yaishe."

"Na Yuster?"

Gerson leo anapokumbuka anacheka na kutikisa kichwa. "Mimi nilikuwa natetea bati langu," anasema. "Yeye alikuwa anatetea jina lake. Nikaona bora nimpishe."

Jioni hiyohiyo Selestina alikwenda kwa Mrisho. Alimkuta anasafisha mnyororo wa pikipiki, mkewe anapeta mchele na Siti amekaa kizingitini.

"Mrisho mwanangu, nimekuja na jambo. Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Mafuta yaliyomdhuru Siti ni yangu. Yuster hahusiki. Nilitwanga karanga kwenye kinu kilekile."

Mama Siti aliweka ungo chini, akamvuta binti yake nyuma ya gauni lake. Selestina anasema hicho ndicho kitu kilichomuuma kuliko tusi lolote ambalo angetukanwa.

"Ulijua?" Mrisho akauliza.

"Sikujua. Nimejua leo mchana, na leo nimekuja."

Mrisho akaendelea kufuta mnyororo. Akafuta mpaka tambara likawa jeusi. Ndipo akauliza swali ambalo Mama Anderson hakulitarajia.

"Mafuta ya siku ile ulitoa chupa ngapi?"

"Kumi na moja. Ufuta ulikuwa kidogo."

"Yetu moja. Kumi ziko wapi?"

"Nimeuza zote."

"Basi kesho asubuhi uwe tayari. Tunazifuata."

Mrisho hajifichi anapolizungumzia. "Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo," anasema. "Lakini hasira ile ningekaa nayo nyumbani, huku chupa kumi zinazunguka kwa watoto wa watu. Baba wa watoto wale angekuwa mimi, ningetaka mtu azifuate."

Safari iliwachukua siku tatu. Kituo cha kwanza, kwa kutaka kwake mwenyewe Mama Anderson, kilikuwa mashine ya kusaga. Pale ndipo maneno ya kijiji huzaliwa, na asubuhi ile wanawake walikuwa foleni na Yuster amekaa peke yake mwisho. Mama Anderson akasimama mbele yao, akamwomba mwenye mashine azime injini, akaeleza yote: karanga, kinu, ufuta kwenye ufa, na kwamba Yuster hana kosa.

Ndipo Yuster akanyanyuka na ndoo yake.

"Umenichelewesha wiki tatu, mwanamke wewe," akasema. "Watu wamekula wali ulioiva bokoboko kwenye maziko ya mzee wa watu kwa sababu yako! Kwanza nipisheni mbele, nimeonewa."

Wakampisha. Na wiki ileile akaitwa kupika.

Chiungutwa na Lupaso walipata chupa saba, mbili kati yake zikiwa zimeshakwisha. Mwenye kutaka fedha alirudishiwa. Lupaso mama mmoja alikataa katakata kuitoa yake.

"Mafuta yamenikubali, mimi na wanangu wote," akasema. "Siyarudishi!"

"Yamekukubali wewe," Selestina akamjibu. "Akija mjukuu wa mwenzio ukampaka?"

Akaitoa, akisonya. Lukuledi walipata mbili. Ya kumi ilikuwa imepanda mlima hadi Newala, kwa fundi wa kuchonga aitwaye Dunstan, ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Walimkuta mama ameketi mkekani, kichanga mapajani, chupa imefunguliwa. Mtoto alikuwa salama kabisa. Hata hivyo Selestina aliichukua ile chupa, akaifunga, na anasema ni hapo tu ndipo aliposikia njaa ya siku tatu.

Kisha akamgeukia Dunstan. "Fundi, nataka kinu."

"Cha zamani kimevunjika?"

"Kipo. Nataka cha pili."

Dunstan akaweka tezo chini. "Cha pili? Mama, nyumba ina kinu kimoja. Kinu cha pili ni mke wa pili. Mumeo ameoa?"

"Ameoa ufuta," Mrisho akamjibu, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mwezi ule uanze.

Wiki mbili baadaye Mrisho akakileta kinu kutoka Newala, amekifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, kimesimama kama abiria. Hakuna mtu Chiungutwa ambaye hakukiona. Kabla hakijashushwa, habari zilikuwa zimefika shambani kwa Gerson.

"Bwana Gerson, hongera! Bibi mdogo anatoka wapi?"

"Na sisi tumekosa nini hata pilau tusialikwe?"

Dada zake Selestina walikuja wamejifunga vibwebwe, tayari kwa ugomvi. Waliondoka kila mmoja na chupa ya mafuta na maelezo marefu. Gerson anasema mpaka leo kuna mzee mmoja hamwamini, kila wakikutana humuuliza amemficha wapi.

Kinu kile kipya ndicho kilichomo kibandani, na hakijawahi kuonja kitu kingine zaidi ya ufuta. Kile cha zamani kimebaki jikoni na karanga zake. Kila kimoja kina mchi wake na ungo wake.

Lakini kinu peke yake hakikutosha, na hilo aliambiwa na Esther, muuguzi wa zahanati. Selestina alimfuata mwenyewe, akamwekea chupa mezani, akamwambia: "Nifundishe. Mimi ni wa darasa la nne, nenda polepole."

Esther akaenda polepole. Anasema wapo watu ambao miili yao huchukulia karanga, korosho au hata ufuta kama adui. Huo ndio mzio, wengi huuita aleji. Mwingine humtoka vipele tu, mwingine huvimba na kukosa pumzi, naye anaweza kufa.

"Watu wanadhani hudhuriki mpaka ule," Esther anasema. "Mafuta yanayokamuliwa kienyeji bado yana chembechembe za ile mbegu. Ukimpaka mtoto mdomoni na machoni, tena ngozi imesuguliwa na dodoki, ni kama umefungua mlango. Na kitu kuwa cha asili hakimaanishi kwamba hakimdhuru mtu. Karanga yenyewe ni ya asili."

Alimfundisha na jambo lingine: mteja mpya ajaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa mkono, asubiri hadi kesho yake. Na aliyewahi kuvimba au kukosa pumzi asijaribu kabisa nyumbani, aende hospitali akaulize. Ngozi yenye vidonda au ukurutu isipakwe.

Ilikuwa Esther pia aliyemwambia kwamba ufuta nao una watu wake unaowakataa. Habari hiyo ilimpiga Mama Anderson.

"Nilitaka kulia," anasema. "Nimenunua kinu, nimechekwa mji mzima, halafu ufuta nao! Lakini nikasema, sawa, nitawaambia hivyohivyo."

Basi huwaambia. Kwenye kila chupa hubandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi moja moja, kubwa kama za mtoto wa shule: *Ufuta na nta ya nyuki. Kinu cha mafuta haya hakitwangi karanga wala korosho. Ufuta nao huwakataa baadhi ya watu. Jaribu kwanza mkononi.* Kwa wasiojua kusoma, huwasomea yeye mwenyewe papo hapo, na mteja hapewi chupa mpaka ayarudie yote kwa mdomo wake.

Kuiweka korosho mbali na kibanda ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa maana Chiungutwa msimu ukifika korosho iko kila mahali, uani, kitandani, mifukoni. Gerson hubadili shati kabla ya kusogea huko. "Nyumba nimejenga mimi," hulalamika, "naingia kama mtu aliyetoka karantini." Lakini hubadili.

Mwaka jana alikuja mtu wa kumjaribu. Cecil, mfanyabiashara wa vipodozi Masasi mjini, aliyapenda mafuta yale akataka chupa mia sita kwa mkupuo, shilingi elfu mbili na mia tano kila moja. Milioni moja na nusu. Alikuja na lebo zimeshachapishwa, zina picha ya mwanamke mzuri na maandishi ya dhahabu: *Salama kwa ngozi zote.*

Selestina akavaa miwani, akasoma kwa kidole.

"Ngozi zote umeziona wewe?"

"Bibi, hayo ni maneno ya biashara tu."

"Mimi mwenyewe sijaziona. Nimeona moja imevimba mpaka macho yakafumba."

"Sasa nikiandika kwamba yanakataa watu, nani atanunua?"

"Ambaye hayamkatai. Wako wengi sana."

Cecil akabembeleza. Akasema aandike hayo maonyo kwa herufi ndogo nyuma ya chupa. Akasema mjini hakuna anayesoma.

"Mama mwenye mtoto mgonjwa anasoma," Selestina akamwambia. "Anasoma hata kwa tochi."

Cecil akaondoka na lebo zake, hajarudi. Gerson alinuna siku mbili. Siku ya tatu watu walimsikia kwenye kahawa akijigamba: "Mke wangu amekataa milioni na nusu! Nani mwingine hapa mkewe amewahi kukataa hata laki?"

Na wateja wameongezeka. Wapo wanaotoka Newala kumfuata, wengi wao ni wale wale aliodhani angewapoteza, wenye watoto wanaokataliwa na hiki au kile. Huja na maswali mengi, naye hukaa nao. Kuna mmoja alikaa saa mbili akiuliza, akaondoka bila kununua, kwa sababu mwanawe hukataliwa na ufuta. Selestina anamtaja kwa majivuno kuliko wote walionunua.

"Yule nilimsaidia," anasema. "Sijasoma, lakini kilichomo kwenye chupa yangu nakijua, na nakisema. Mimi ni fundi."

Mteja mmoja tu hakuwa amerudi. Kwa miaka minne Mama Siti alimsalimia vizuri, alikwenda kumjulia hali alipougua, alimtumia mboga. Lakini mafuta hakununua, na Selestina hakumuuliza.

Jumamosi iliyopita akaja. Alinawa mikono bila kuambiwa, akakaa kwenye kigoda.

Mwezi ujao, shule zikifungwa, mdogo wake Siti, Mwanahamisi, atatoka unyagoni. Dada mkubwa ndiye anayepaswa kumshika mkono na kumleta mbele ya watu. Siti sasa ana miaka kumi na mitatu, na amekuwa akijizoeza kuimba kwa wiki kadhaa. Lakini mama yake alikuwa ameshaamua kumwacha nyumbani siku hiyo.

"Mafuta ya mashangazi siyaogopi kwa Mwanahamisi," akasema. "Naogopa Siti atamshika mdogo wake. Chupa tano, sita, nitajuaje kila moja imetoka wapi?"

"Siti amesemaje?"

"Hasemi. Analia chini kwa chini, anadhani sisikii."

Selestina akaacha mchi. Wakazungumza mpaka jua likawa la utosini, na wakati huu aliyeuliza maswali zaidi alikuwa Mama Anderson. Hospitali walisema nini kuhusu ufuta? Kwamba hauna shida kwa Siti, walimpima. Atapika nani? Yuster, amekubali, na ameahidi kwamba atakayefika na karanga atapigwa mwiko. Kisha akatoa shauri lake: siku ile iwepo chupa moja tu. Mashangazi waache za kwao nyumbani, wachovye vidole kwenye ile moja.

Jioni wakaenda pamoja kwa kungwi, naye akawaita mashangazi. Hawakukubali kirahisi.

"Tangu lini shangazi akaja mikono mitupu?" mkubwa wao akang'aka. "Watu watasema hatuna!"

"Njooni na khanga, njooni na fedha za kumtuza," Mama Siti akamjibu. "Mikono iwe mitupu, na iwe imeoshwa. Mwanangu nilimbeba anapiga mluzi kifuani, shangazi. Wewe ulibaki na chupa yako."

Baadaye shangazi mkubwa akauliza kama basi ataruhusiwa angalau kuwa wa kwanza kupaka. Akaruhusiwa.

Sasa Selestina anahesabu siku. Ana mipango mingine pia: anataka mashine ya mkono ya kukamulia, itakayokuwa ya ufuta peke yake, na chumba cha matofali chenye sakafu ya saruji. Baada ya hapo atapeleka mafuta yake yapimwe, yapate alama ya ubora. Amekwisha weka akiba ya laki nne. Ufuta wa Mwanahamisi ameuchagua mwenyewe, punje kwa punje, umo kwenye mtungi uliofungwa kwa kitambaa kipya.

Wakati wa kuagana siku ile ya kikao, Mama Siti alimshika mkono akamwambia: "Siti atakuwepo. Na atakayempaka yeye ni wewe, si mwingine." Selestina hulirudia neno hilo kwa kila anayekuja, kisha hushika mchi wake.

"Mashine itakuja siku yake," anasema. "Lakini mwezi wa sita nataka kumwona Siti amemshika mdogo wake mkono, wote wawili wanang'aa, na mama yao anapiga vigelegele bila kuwachungulia usoni kila dakika."